Bima ya Msafiri wa Ndani ya Nchi

Kutoka makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa nchini Malawi, hadi mji mkuu wa Lilongwe, ni mwendo wa kilometa zipatazo 40 tu. Njiani hakuna mpaka wa kuvuka, hakuna forodha, wala hakuna pasipoti ya kugongwa muhuri. Anayetoka asubuhi aweza kufika mjini, akauza na kununua, akamwona mgonjwa hospitalini, kisha akarudi kabla jua halijazama. Safari fupi namna hiyo haihesabiwi na wengi kuwa ni safari. Neno bima likitajwa, mawazo ya watu huruka hadi kwenye ndege ziendazo Ulaya na meli zivukazo bahari. Mtu anayekwenda ng'ambo hukatiwa bima; anayekwenda mji wa pili huambiwa "safari njema", basi.

Lakini ajali haina desturi ya kungoja mtu avuke mpaka. Tarehe 10 Juni, 2024, ndege ya Jeshi la Ulinzi la Malawi iliondoka Lilongwe kwenda Mzuzu, mji ulio ndani ya nchi hiyo hiyo, ikiwa imemchukua Makamu wa Rais, Saulos Chilima. Ndege hiyo ilianguka katika msitu wa Chikangawa, na wote waliokuwamo, raia na wanajeshi, wakafariki dunia. Siku chache baadaye, msafara uliokuwa ukiupeleka mwili wa marehemu Ntcheu kwa mazishi ulipokuwa barabarani usiku, gari moja la msafara huo liliwagonga waombolezaji waliosimama kando ya njia, na watu wanne wakapoteza maisha. Katika juma moja, mkubwa wa nchi na wananchi wasiojulikana majina walikutwa na mauti katika safari za ndani ya nchi yao wenyewe.

Basi yafaa kuuliza: msafiri wa ndani ya nchi anapoanguka, ni nani anayemshika mkono? Swali hili lina historia ndefu, na katika kila ukurasa wa historia hiyo yumo mlinzi wa njia.

Katika karne ya 19, misafara ya wapagazi ilipokuwa ikitoka Unyamwezi kwenda Bagamoyo, hapakuwa na kampuni yoyote ya bima. Hata hivyo msafiri hakuachwa mtupu. Wanyamwezi walijenga utani na Wazaramo na makabila mengine ya njiani. Watu wa leo wanaukumbuka utani kwa mizaha yake, lakini mizaha ilikuwa ganda tu. Kiini chake kilikuwa wajibu: mtani akiugua ugenini, watani wake walipaswa kumhifadhi, akifa, walipaswa kumzika kwa heshima. Mpagazi aliyeondoka kwao kwa miguu alijua kwamba mbele yake kuna watu ambao hawakumzaa lakini wasingemwacha aliwe na fisi.

Pamoja na utani palikuwa na hongo. Neno hili leo linanuka, lakini wakati ule lilikuwa na maana nyingine. Hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulimlipa mtemi au mtawala wa njia, iwe kwa nguo, kwa shanga au kwa nyaya za shaba, ili upite katika nchi yake kwa amani. Mara nyingi malipo hayo yaliwaudhi wafanyabiashara, lakini shabaha yake ilieleweka na pande zote mbili: aliyelipa alikuwa ananunua usalama wa wasafiri, na aliyepokea alikuwa anabeba dhamana yake.

Haifai kuipamba historia kupita kiasi. Katika njia zile zile, ikiwa ni pamoja na ile iliyotoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa hadi Kilwa, walipitishwa watu waliotiwa minyororo. Huko Kota Kota, ambayo leo huitwa Nkhotakota na imo nchini Malawi, watawala Waswahili walioitwa majumbe waliendesha biashara ya pembe na ya watumwa. Mtumwa hakuwa na mtani wala hakulipiwa hongo kwa ajili ya uhai wake. Alihesabiwa kama mzigo. Kwa hiyo tangu zamani hizo kasoro kubwa ya ulinzi wa msafiri ilikuwa moja: ulimfikia yule aliyetambuliwa kuwa mtu, na kumruka yule ambaye hakutambuliwa.

Wakati misafara ikitembea kwa miguu barani Afrika, Uingereza ilikuwa imeanza kusafiri kwa reli. Tarehe 15 Septemba, 1830, siku ile ile ilipofunguliwa reli ya Liverpool na Manchester, mbunge William Huskisson aligongwa na garimoshi na kufa. Ajali ziliendelea kadiri reli zilivyoongezeka, na mwaka 1849 ikaanzishwa kampuni iliyoitwa Railway Passengers Assurance Company, iliyouza bima ya safari pale pale stesheni pamoja na tiketi. Abiria wa daraja la kwanza alilipa peni tatu, na akifa warithi wake walipata pauni 1,000. Abiria wa daraja la pili alilipa peni mbili kwa pauni 500. Abiria wa daraja la tatu alilipa peni moja kwa pauni 200.

Hesabu hiyo yafaa kutazamwa kwa makini. Uhai wa tajiri ulithaminiwa mara tano ya uhai wa kabwela. Tena, tajiri kwa kila peni yake alipata pauni 333 na zaidi, hali kabwela alipata pauni 200 tu. Maskini hakupewa kidogo kwa sababu ya kulipa kidogo peke yake. Hata hicho kidogo alikinunua kwa bei ya juu zaidi. Mwaka 1864, huko Hartford nchini Marekani, James Batterson aliyekuwa ameiona biashara hiyo Uingereza alianzisha kampuni ya namna hiyo. Inasimuliwa kwamba bima yake ya kwanza aliiuza kwa senti mbili, kumkinga mtu mmoja katika mwendo wa kutoka posta hadi nyumbani kwake. Kwa maneno mengine, bima ya safari ilianza na safari za ndani, safari za reli na hata za miguu, kabla haijahusishwa na viwanja vya ndege.

Hata hivyo bima hiyo ilikuwa ya hiari. Aliyekuwa na peni alilindwa. Asiyekuwa nayo alijitegemea. Mageuzi makubwa yaliletwa na motokaa. Kufikia mwaka 1930 barabara za Uingereza zilikuwa zikiua zaidi ya watu 7,000 kwa mwaka, wengi wao watembea kwa miguu na wapanda baiskeli ambao hawakuwa na gari wala bima. Mara nyingi dereva aliyewagonga hakuwa na kitu cha kuwalipa. Bunge likapitisha sheria iliyomlazimisha kila mwenye gari kukata bima kwa faida ya watu wengine atakaowaumiza. Katikati ya miaka ya 1940 sheria za mfano huo zilitungwa Tanganyika na Kenya. Hii ndiyo bima ambayo madereva huiita bima ndogo.

Udogo wake ni wa bei tu. Kwa maana yake ni bima kubwa kuliko zote, kwa sababu iligeuza mambo juu chini. Anayelipa ni mwenye gari, lakini anayelindwa ni mtu asiyemjua. Mwuza maandazi kando ya barabara, mtoto wa shule, abiria aliyelipa nauli yake kwenye basi, wote wamekatiwa bima bila wao kutia saini popote. Tena sheria ya namna hii haimwulizi majeruhi kabila lake, dini yake wala taifa lake. Inauliza mambo mawili: je, aliyeliendesha gari hili lenye bima anawajibika kwa ajali, na je, mtu huyu aliumia? Hivyo, baada ya karne nyingi, alipatikana mtani wa kisheria kwa kila msafiri.

Baada ya Uhuru nchi zetu zilijaribu kuitia bima mikononi mwao. Tanzania, kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967, ililifanya Shirika la Bima la Taifa kuwa mali ya umma na kulikabidhi shughuli zote za bima, ili fedha za wananchi zisiendelee kutoroshwa nje na makampuni ya kigeni. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1996, sheria mpya ilipofungua mlango kwa makampuni binafsi. Malawi nayo ilikuwa imeunda kampuni yake ya taifa ya bima mwanzoni mwa miaka ya 1970, miaka michache kabla makao makuu ya nchi hayajahamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Nchini Kenya, ambako matatu ndiyo usafiri wa umma, wananchi walijifunza kwa uchungu kwamba karatasi ya bima peke yake haitoshi. Kampuni ya United Insurance, iliyokuwa na mikataba mingi ya matatu, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, na Blue Shield ikafuata mwaka 2011. Majeruhi waliokwisha kushinda kesi mahakamani walibaki na hukumu mkononi, lakini mlipaji hayupo.

Ziko pia hatua zilizochukuliwa kwa pamoja. Mwaka 1986 nchi za mashariki na kusini mwa Afrika zilikubaliana juu ya mpango wa Kadi ya Njano, ambao unaiwezesha bima ya gari lililotoka nchi moja kutambuliwa katika nchi nyingine mwanachama. Lori litokalo Dar es Salaam na kuingia Malawi kupitia Kasumulu linaweza kubeba kinga hiyo hadi Lilongwe na kupita. Ni mpango mwema. Lakini hapa ndipo lilipo jambo la kushangaza: gari lililosafiri zaidi ya kilometa 1,000 na kuvuka mpaka linaweza kuwa na ulinzi kamili, na wakati huo huo mtu anayekwenda kilometa 40 ndani ya nchi anamoishi akawa hana ulinzi wowote. Ili kulielewa hilo hapana budi kurudi Dzaleka.

Mahali hapo palikuwa gereza katika enzi za Rais Kamuzu Banda, na miongoni mwa waliofungwa humo walikuwamo wafungwa wa kisiasa. Jina lenyewe huhusishwa na neno la Kichewa la mtu anayeapa kwamba ataacha, hatarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ambao wananchi wa Malawi walichagua serikali mpya kwa kura za vyama vingi, gereza hilo liligeuzwa kuwa makazi ya wakimbizi. Waliokuja walitoka hasa Kongo, Burundi na Rwanda, na ndiyo maana Kiswahili kinasikika huko sokoni na mitaani kila siku. Makazi yaliyokusudiwa watu kati ya 10,000 na 12,000 leo yana watu zaidi ya 50,000.

Malawi si nchi isiyojua ukarimu. Wakati wa vita vya Msumbiji ilipokea zaidi ya wakimbizi milioni moja, ingawa yenyewe ni nchi ndogo isiyo na utajiri. Lakini ilipoukubali Mkataba wa Kimataifa wa Wakimbizi, mwaka 1987, iliweka masharti yake. Mojawapo ni kwamba Serikali inabaki na haki ya kuchagua mahali pa wakimbizi kuishi na kuzuia mwendo wao panapokuwa na haja ya usalama wa taifa. Mwezi Machi 2023 iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warejee Dzaleka, na mwezi Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya Lilongwe. Tanzania pia, kwa Sheria yake ya Wakimbizi ya mwaka 1998, inawataka wakimbizi wa makazi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma, wawe na kibali wanapotoka. Haki ya dola kulinda usalama wake haibishaniwi hapa. Linaloangaliwa ni jambo dogo zaidi: kibali hicho kinafanya nini kwa bima ya msafiri.

Sheria ya bima, kama ilivyokwisha kuelezwa, haimwulizi majeruhi kibali. Mtu akigongwa na basi Lilongwe, mfupa wake uliovunjika ni ule ule, awe mzaliwa wa Dowa au wa Bukavu. Lakini mtu asiye na kibali huogopa kupita mahali ambapo karatasi hutazamwa. Ataliacha basi la abiria linalosimamishwa kwenye kizuizi, na badala yake atapanda matola, yaani gari la mizigo linalobeba watu nyuma kwa nauli, au pikipiki ya kukodi iitwayo kabaza inayojua njia za vichochoroni. Matola hupandwa pia na Wamalawi wengi wenyewe kwa sababu ya uhaba wa usafiri na wepesi wa nauli. Hapo ndipo bima inapokatika. Mkataba uliokatwa kwa gari la kubeba mahindi hauwahusu abiria wa kulipa. Gari likipinduka, kampuni ya bima itasema, tena kwa haki, kwamba haikuuza kinga hiyo.

Na hata pale ambapo gari lina bima halali, fidia haijileti yenyewe. Safari ya fidia huanzia kituo cha polisi. Lazima ajali iandikwe, namba ya gari ichukuliwe, michoro ipimwe, mashahidi wahojiwe. Nchini Tanzania majeruhi hupewa fomu namba 3 ya polisi, ile PF3 inayojulikana na kila mtu. Bila maandishi ya polisi hakuna madai yatakayosimama. Sasa afikiriwe mtu aliyevunjika mguu njiani kutoka Dzaleka, ambaye kibali chake kimekwisha siku. Hospitali za umma za Malawi hutibu bila malipo, na Hospitali Kuu ya Kamuzu pale Lilongwe itamfunga mguu. Lakini nani atalisha watoto wake katika miezi ambayo hawezi kusimama? Fidia ingemlisha. Ili aipate, lazima aende mbele ya askari. Naye askari ndiye mtu anayemkimbia. Hivyo hofu yake inampa dereva mzembe msamaha ambao hakuna hakimu aliyeutoa.

Somo la historia hii yote ni kwamba anayemwogopa askari hana bima, hata kama gari lililomgonga lina stika tatu kwenye kioo.

Ndugu wasikilizaji, hapa ndipo kazi ya mlinzi wa njia inapoonekana uzito wake. Askari wa usalama barabarani anapoisoma stika ya bima haisomi kwa niaba ya mwenye gari, wala kwa niaba ya kampuni, bali kwa niaba ya abiria ambaye hajui hata kwamba stika hiyo ni yake. Anapoliruhusu gari la mizigo liendelee na abiria 20 nyuma, kwa sababu noti imekunjwa ndani ya leseni, ameondoa bima ya watu 20 kwa mkono mmoja. Neno hongo limesafiri safari mbaya tangu siku za misafara. Hongo ya zamani ilinunua usalama wa msafiri; hongo ya leo inauuza. Mtemi aliyepokea nguo na shanga na kisha akawaacha wasafiri wauawe katika nchi yake alihesabiwa kuwa mtu asiye na neno. Haifai askari wa dola huru awe chini ya kipimo hicho.

Kwa mwanajeshi pia kuna la kuzingatia. Tangu sheria ya kwanza ya Uingereza, ilikuwa kawaida kwa sheria za bima kuyaacha nje baadhi ya magari ya dola, kwa hoja kwamba Serikali haikimbii wala haifilisiki. Ikikosa, italipa yenyewe. Maana yake ni kwamba lori la jeshi lisilo na stika linakwenda kwa dhamana ya heshima ya taifa. Dereva wake asichukulie uhuru huo kuwa ni ruhusa ya kukimbia. Mwananchi aliyegongwa na gari la Serikali anayo haki ile ile ya kuandikiwa ripoti ya kweli, bila kufichwa namba na bila kutishwa. Msiba wa Ntcheu uwe ukumbusho kwamba hata gari linalobeba heshima za mwisho za kiongozi linaweza kuacha nyuma yake misiba mingine.

Kilichobaki ni kutenganisha mambo mawili ambayo barabarani huchanganywa. Kibali cha mtu na ajali ya mtu ni mafaili mawili. Ikiwa msafiri amevunja masharti ya makazi yake, liko faili la jambo hilo na iko sheria yake. Lakini alipogongwa, au alipopinduliwa na dereva mlevi, amekuwa majeruhi na shahidi, na faili hilo la pili lafaa lifunguliwe kwanza, liandikwe lote, na lisifungwe kwa sababu ya lile la kwanza. Askari atakayefanya hivyo hatakuwa amelegeza usalama wa nchi. Atakuwa ameongeza idadi ya watu wanaomkimbilia badala ya kumkimbia, na dereva mzembe atakuwa na mahali pachache zaidi pa kujificha.

Wapagazi wa zamani hawakuwa na stika wala kampuni. Walikuwa na watani, watu wa njiani waliojua kwamba mgeni aliyeanguka katika nchi yao ni juu yao. Katika barabara ya Dzaleka na Lilongwe, kama katika barabara ya Kasulu na Kigoma, wajibu huo leo umevaa sare.